Mgeni Hapewi Leseni

Niweke kumbukumbu sawa kabla sijaendelea. Pale kanisani kwetu, katika ibada ya Kiswahili ya Jumapili mchana, wapo wanaosema kwamba nilinyimwa leseni ya udereva kwa sababu ya macho. Si kweli. Macho yangu yalipimwa mara moja tu, mwishoni kabisa mwa shauri hili, na nilisoma mstari wa chini wa ubao kabla mhudumu hajamaliza kunieleza nianzie wapi. Wengine wanasema nilimdanganya askari wa barabarani. Hilo nalo si kweli, na ni zito zaidi. Kwa hiyo nitaeleza shauri zima kwa utaratibu wake, kama nilivyozoea katika utumishi wangu wote serikalini.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa masjala katika ofisi ya mkoa, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kwa asiyefahamu, masjala ni chumba ambamo kila jalada la ofisi hutoka na kurudi. Jalada likipotea, mkuu wa mkoa halali, na mkuu wa masjala halali zaidi. Baada ya kustaafu, mwanetu wa kiume alituita Adelaide, mimi na mke wangu, tukakaa naye miaka kadhaa. Huko ndiko nilikopata leseni ya jimbo la Australia Kusini, kwa mtihani, si kwa kujuana. Kisha figo za mke wangu zikaanza kushindwa kazi, na kijana akaajiriwa migodini huko magharibi, akawa nusu ya mwezi hayupo nyumbani. Binti yetu anaishi Guildford, hapa Sydney. Alipiga simu, wala hakuomba.

“Baba, mlete Mama huku. Hospitali ya Westmead ni karibu, na mimi nipo.”

Tukaja.

Nchi hii ni moja, bendera moja, fedha moja, lakini leseni ya udereva ni mali ya jimbo. Ukihamia jimbo jingine unapewa miezi mitatu kuibadilisha. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Nimesimamia zenye maana ndogo kuliko hiyo. Niliisoma mwenyewe wiki ile ile tuliyofika, na niliisoma vizuri. Inamhusu mtu anayehamia. Mgeni anayepita huruhusiwa kuendesha kwa leseni ya alikotoka. Nami nilikuwa mgeni.

Ilinibidi niwe mgeni. Nyumba ile ameipanga mkwe wangu, mume wa binti yetu, Mkongo wa Kivu anayefanya kazi katika ghala moja huko Ingleburn. Kwetu, baba mkwe hahamii kwa mkwewe. Huenda kusalimu, hukaribishwa kwa heshima, hulala siku chache, huaga. Akikaa moja kwa moja, watu huuliza yamempata nini huko kwake, na binti yake hupungukiwa sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nisingemfanyia binti yangu jambo hilo. Kwa hiyo nilichukua hatua. Masanduku yetu hayakufunguliwa yote. Barua zetu za benki ziliendelea kwenda Adelaide, kwa jirani yetu wa zamani. Mkwe wangu alipotaka kumwambia wakala wa nyumba aongeze majina yetu kwenye mkataba wa pango, nilimshukuru, nikakataa. Na kila Jumapili nilipoulizwa niko wapi siku hizi, nilijibu, “Nipo kwa mkwe, natembea tu.”

Mara tatu kwa wiki nilimpeleka mke wangu Westmead kusafishwa damu. Tulitumia gari la binti yetu, ambaye hufanya kazi usiku katika nyumba ya kutunzia wazee na asubuhi huwa amelala. Katika gari hilo mke wangu aliongea. Alilalamikia mwendo wangu, baridi, na namna nilivyomkunjia blanketi. Wakati wa kurudi, akiwa ameishiwa nguvu, alisema alipotaka kioo kishushwe, na alisema alipotaka nisimame. Nilisimama. Hapakuwa na la kuzungumzia zaidi ya hapo.

Asubuhi moja askari wa barabarani waliyasimamisha magari yote kupima ulevi. Aliyenijia alikuwa na adabu. Alinipa kifaa, akaniambia nihesabu mpaka kumi mbele yake. Sijaonja pombe tangu nibatizwe, lakini nilihesabu. Kisha akaitazama leseni.

“Hii ni ya Adelaide, bwana. Ndiko unakoishi?”

“Hapana. Kule tuliondoka.”

“Unaishi wapi sasa?”

“Niko Guildford, kwa mkwe wangu. Mimi ni mgeni.”

“Mgeni tangu lini?”

Nilimtajia mwezi tuliofika. Alihesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

“Na unaondoka lini?”

Nilimwambia kwamba mke wangu anatibiwa. Akauliza matibabu yanakwisha lini. Mke wangu, ambaye Kiingereza chake si kingi lakini hilo alilielewa, akasema kwa Kiswahili akitazama mbele, “Mwambie siku nikifa.” Sikulitafsiri.

“Bwana,” askari akasema, “ukikaa mahali muda wote huo, na hujui utaondoka lini, basi unaishi hapo. Leo nakuonya tu. Mfikishe mama hospitali, kisha ukabadilishe leseni.”

Wanaosema nilimdanganya wasome tena niliyoyajibu. Hakuna neno la uongo hata moja. Nilimfikisha mke wangu, nikampigia simu binti yangu aje alichukue gari, na kuanzia hapo sikugusa usukani. Nikishaambiwa na mwenye mamlaka kwamba sina ruhusa, sina ruhusa.

Binti yetu alijaribu kumpeleka mama yake akitoka kazini, akasinzia kwenye taa nyekundu. Tulimkataza. Ndipo mkwe wangu, bila kuombwa na mtu, alipobadilisha zamu yake ya Ingleburn. Akawa anaingia kazini alasiri na kurudi usiku mkubwa, ili asubuhi awe dereva wa mama mkwe wake.

Lazima nieleze hapa jinsi walivyosafiri. Kwetu, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni wala hawazungumzi ovyo. Mke wangu amelelewa hivyo. Alikaa kiti cha nyuma, upande wa dereva, mahali ambapo kioo cha ndani hakimwoni, khanga imevutwa mpaka kwenye paji la uso. Mimi nilikaa mbele. Mke wangu akisikia joto aliniambia mimi, nami nikamwambia mkwe wangu, aliyekuwa amekwisha kusikia, naye akangoja nimalize ndipo ashushe kioo. Nilikuwa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja. Mkwe wangu hakucheka hata siku moja. Macho yake tu yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Sikuweza kuruhusu hali ile iendelee. Niliomba miadi katika ofisi ya huduma za serikali, nikapewa siku iliyoangukia siku ya matibabu. Nilikwenda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mke wangu kusafiri na mkwewe bila mimi.

Mama wa dirishani alikuwa mstaarabu. Aliipokea leseni yangu ya Adelaide pamoja na pasipoti, akaanza kuandika kwenye kompyuta.

“Anwani yako ya hapa?”

“Nimefikia Guildford, kwa mkwe wangu. Ni mgeni wake.”

Vidole vyake vikasimama. “Kwa hiyo huishi hapa?”

“Kwa desturi yetu siwezi kusema kwamba ninaishi kwa mkwe wangu.”

“Desturi sina pa kuijaza, mpendwa. Kama ni mgeni, endelea kuendesha kwa leseni uliyo nayo.”

“Askari amenikataza.”

“Kwa sababu gani?”

“Amesema ninaishi hapa.”

Alivua miwani. “Na wewe unasemaje?”

Nilimweleza kwa utulivu kwamba serikali hiyo hiyo moja, kwa mdomo wa askari, imeniita mkazi ili nisiendeshe, na kwa mdomo wake yeye inaniita mgeni ili nisipewe leseni, na kwamba ningeomba pande hizo mbili zikubaliane kabla ya kunishughulikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanirudishia hati zangu na kusema nije na karatasi yoyote yenye jina langu na anwani ya Guildford: mkataba wa pango, barua ya benki, chochote. Sikuwa na hata bahasha. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe kwamba sitakuwa nayo.

Nilirudi kwa treni nikiwa nimekasirika sana. Nilipofika, gari lilikuwa uani, mlango wa nyuma uko wazi. Mkwe wangu alikuwa akiosha kiti kwa ndoo ya maji. Ndani, mke wangu alikuwa amelazwa kwenye kochi, uso umekuwa rangi ya majivu, na binti yangu amepiga magoti mbele yake na taulo.

“Mama, kwa nini hukumwambia asimame?”

“Ningemwambiaje mkwe wangu kwamba nataka kutapika?”

“Kwa mdomo, Mama! Unasema, simama. Neno moja.”

“Alikuwa ameweka nyimbo zake za kwaya. Sikutaka kumkatiza.”

“Ungeweza kupaliwa! Ungeweza kuzimia nyuma huko, na yeye yuko mbele anaimba!”

“Anaimba vizuri,” mke wangu alisema, akafumba macho.

Mkwe wangu alisimama mlangoni na kitambaa mkononi. “Pole, Mama,” alisema, akiuambia ukuta. Kisha akaenda kujiandaa kwa zamu.

Basi shauri likawa wazi. Mke wangu hawezi kupelekwa na mtu asiyeweza kusema naye. Leseni haipatikani mpaka niwe mkazi wa nyumba ile, na ukazi hauwi halali, machoni pangu, kwa kumwambia wakala wa nyumba tu. Lazima uombwe kwa mwenye nyumba. Na mimi siwezi kusimama mbele ya mkwe wangu kuomba. Yeye ndiye aliyesimama mbele yangu kumwomba binti yangu. Jambo la aina hiyo hupitishwa kwa mshenga.

Nilimwendea mzee mmoja wa kanisa, Mrundi, aliyekulia katika kambi za wakimbizi huko Kigoma na anayekaa mitaa miwili kutoka kwetu. Alinisikiliza huku akimenya viazi.

“Mheshimiwa,” alisema (huniita hivyo kwa kunitania), “unanituma nikakuposee nyumba?”

“Nakutuma ukaniombee ukaaji.”

“Kwa mkwe wako. Ambaye vyumba vyenu vimetazamana.”

“Ndiyo maana siwezi kumwambia mwenyewe.”

“Na akikataa?”

“Utaniletea jibu kama lilivyotolewa.”

“Mungu wangu,” akasema, na kisu kikamponyoka kwa kicheko. Lakini alikubali, na naandika kwa heshima yake kwamba Jumamosi alikuja amevaa koti, akiwa na kreti ya soda begani, kama inavyopasa.

Mimi na mke wangu tulibaki chumbani. Kuta za nyumba ile ni nyembamba. Sikutega sikio, nilisikia tu.

“Nimekuja na maneno,” mshenga akaanza. “Kuna mtu anaomba kukaa katika nyumba hii.”

“Mtu wa namna gani?” mkwe wangu akauliza. Aliuliza kwa sauti ya kikao. Alikuwa amekwisha kuelewa.

“Mtu mzima, mwenye tabia njema. Hanywi, havuti. Anaamka mapema mno, lakini hilo mtalizoea.”

“Iko na familia?”

“Ana mke mmoja, mgonjwa, mpole.”

“Na yeye mwenyewe, anaringa?”

“Kidogo.”

Nilikohoa.

“Iko na kikohozi tena?” mkwe wangu akasema, na jikoni binti yangu akaangusha kifuniko cha sufuria.

Wakacheka wote. Kisha mkwe wangu akasema tena, na sauti ilikuwa imebadilika. Naandika maneno yake kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili chake cha Kivu, ambacho nilikwisha kuacha kukisahihisha.

“Mzee, umuambie hivi. Kule kazini batu bananiuliza, wazazi wa mke yako wanaishi wapi? Nasema, kwangu. Nasema na kifua mbele. Jumapili nafika kanisani, nasikia Papa anasema yeye anatembea tu. Miezi yote hii anatembea! Batu banafikiri namunyima chakula. Mie baba yangu alikufa Kivu, sikumuzika. Hapa nimepata mwingine, na yeye kila siku ni kama iko stesheni. Umuambie nilikubali siku ile alishuka kwenye gari. Ni yeye hakuuliza.”

Mke wangu, aliyekuwa ameketi kitandani karibu nami, aliniangalia kwa muda mrefu.

Sikubali kwamba nilikosea. Desturi niliyoifuata ina sababu zake, na ingekuwa kwetu kila mtu angenielewa. Lakini ni kweli pia kwamba mtu niliyekuwa nikimlindia heshima hakuwahi kuulizwa kama heshima hiyo inamfaa. Mshenga alipobisha hodi kuniletea jibu, ambalo nilikuwa nimekwisha kulisikia lote, nilifunga vifungo vya koti, nikalipokea nimesimama.

“Umekubaliwa, Mheshimiwa. Wanaomba tu uache kuosha kikombe chako mwenyewe. Kunawakera.”

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Wakala wa nyumba aliongeza majina yetu kwenye mkataba wa pango. Benki ilihamisha anwani, ikatuma barua Guildford, na binti yangu akaiweka juu ya meza mahali ninapokaa. Nikaomba miadi nyingine.

Mchana wa siku iliyotangulia miadi mkwe wangu, kwa nia njema, alinishauri.

“Papa, wakiuliza, sema mumehamia wiki iliyopita. Karatasi yenyewe ni ya juzi. Nani atajua?”

“Mimi nitajua.”

“Watakupiga faini!”

“Wapige. Tulihamia siku tuliyofika.”

“Papa, miezi yote ulikataa, ulisema wewe ni mugeni. Leo ndiyo unataka kuishi hapa tangu zamani?”

“Tangu zamani,” nilimjibu. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaenda kazini.

Ofisini nilipangiwa dirisha la mama yule yule. Alinikumbuka, alivua miwani kabla sijaketi.

“Unaishi katika anwani hii?”

“Ninaishi.”

“Tangu lini?”

Nilimtajia siku tuliyofika, ile ile niliyomtajia askari. Aliangalia tarehe ya mkataba, akaniangalia.

“Miezi mitatu imepita zamani.”

“Imepita. Nimechelewa, na ningependa iandikwe kwamba nimechelewa.”

“Mfumo hauna mahali pa kuliandika hilo, mpendwa,” alisema. “Simama kwenye ule mstari, tazama ubao, nisomee.”

Nilisoma, kama nilivyokwisha kusema. Akanipiga picha, ambayo sikuipenda, akaichukua leseni yangu ya Adelaide na kunipa karatasi ya kutumia mpaka kadi yenyewe itakapokuja kwa posta. Sikupigwa faini. Nilikuwa nimejiandaa kuilipa, na ninaona ni haki niliseme hilo.

Siku ya matibabu iliyofuata nilishika usukani. Mkwe wangu alikuwa amelala. Zamu yake ya asubuhi ingerudi wiki ile iliyokuwa inakuja, na binti yangu alisema aachwe mpaka aamke mwenyewe. Mke wangu alikaa mbele, kushoto kwangu. Kwenda, alilalamikia mwendo. Kurudi, tukiwa bado hatujafika mbali na Westmead, aliacha kulalamika, akashika ukingo wa dirisha.

“Simama.”

Niliwasha taa, nikatazama vioo, nikasogea kushoto kwenye ukingo wa barabara na kusimama. Nilimfungulia mlango. Aliinama nje, akapumua, akatapika kidogo kwenye majani, akapumua tena. Nilimshika bega. Gari moja lilitupita likipiga honi kwa muda mrefu.

“Taa nimewasha!” nilisema. “Nimesimama kihalali!”

“Mwache,” mke wangu akasema, akijifuta mdomo. “Labda na yeye ana mgonjwa.”

Nilimpa maji. Alisukutua, akatema, akaegemea kiti. Rangi ilianza kumrudia taratibu, na tulikaa pale mpaka aliponiashiria nifunge mlango.

“Mkwe wako anaendesha vizuri kuliko wewe,” alisema tulipoingia tena barabarani. “Kona anazikata polepole. Wewe unanitupa.”

“Basi mwambie, afurahi.”

“Nitamwambiaje mimi? Mwambie wewe.”

Nilimwambia mchana ule ule, alipoamka, neno kwa neno, pamoja na lile la kutupwa.